SOMO: VIPIMO VIWILI NYUMBANI
(Mithali 20:10, Yohana 8:1-11)

Siku ya mgao tunalalamika kopo la unga lisipojaa. Mithali inatufundisha kwamba Mungu anachukia vipimo viwili. Je, majumbani mwetu tunapimaje?

Baba akichelewa kurudi kutoka kwenye kibarua, tunampa pole na chakula. Mama akichelewa bombani au kwenye kuni, tunamwuliza alikuwa na nani. Fedha ya nyanya alizouza mama ni ya nyumba; ya kibarua cha baba ni yake. Binti akipata mimba anaacha shule. Kijana aliyempa anaendelea kusoma.

Katika Yohana 8 aliletwa mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi. Mwanaume hakuletwa, ingawa Walawi 20:10 iliwahukumu wote wawili. Yesu hakuihalalisha dhambi, alimwambia mama yule aiache. Lakini washitaki aliwapima kwa kipimo chao wenyewe, wakaondoka, wazee wakitangulia.

Nasi tuanze na wazee.

Maswali ya kujadili:
1. Nyumbani kwenu nani anaamka wa kwanza, na nani analala wa mwisho?
2. Binti na kijana wakikosa pamoja, je, tunawaonya sawasawa?

Bwana awabariki.