Nguo ya Shaba katika Bodi za Umeme

Sisi wa Shinyanga na Geita tumezoea kusikia habari za dhahabu. Mgodi wa sasa wa Geita ulianza mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, Kahama, mwaka 2001. Lakini ni wachache wajuao kwamba dhahabu hutumika pia katika bodi za simu na kompyuta, si kwa urembo, bali kwa kuilinda shaba.

Njia za umeme katika bodi ni za shaba. Shaba ikiachwa tupu huungana na oksijeni ya hewa, ikafifia na kuwa nyeusi, nayo lehemu haishiki. Jambo hili lilitupata. Mwaka jana tulitengeneza bodi ya taa ya jua ya kusomea usiku, tukaiacha tupu, tukaenda likizo. Tuliporudi lehemu ilikataa. Tukasugua kwa nguvu, njia mbili nyembamba zikang'oka. Kazi ya muhula mzima ikapotea.

Basi, shaba huvikwa nini? Nitaeleza nguo tatu.

Kwanza ni bati. Bodi huchovywa katika bati lililoyeyuka, kisha hewa ya moto huondoa ziada. Bei yake ni nafuu, nayo hudumu, lakini uso hauwi sawasawa, hivyo haifai kwa vipande vidogo sana. Zamani bati lilichanganywa na risasi, ambayo ni sumu. Umoja wa Ulaya uliizuia katika vyombo vingi vya umeme tangu Julai 2006.

Pili ni utando mwembamba wa dawa. Nao ni nafuu, na uso hubaki sawa. Lakini huharibiwa na kushikwashikwa, wala haufai kuwekwa muda mrefu.

Tatu ni dhahabu juu ya nikeli. Nikeli huizuia shaba isipenye juu, na dhahabu huilinda nikeli na hewa. Unene wa dhahabu hiyo ni mikroni 0.1 au pungufu; karatasi ya daftari yaushinda mara 1000 hivi. Sentimita za mraba 10 hazina hata miligramu 2. Basi achomaye bodi kuukuu akitafuta utajiri hupata moshi wa sumu kuliko dhahabu.

Tuchague ipi? Bodi ya vipande vidogo sana, au ya vitufe vya kubonyezwa, yastahili dhahabu. Itakayolehemiwa upesi, yatosha dawa. Taa yetu ina vipande vikubwa, kwa hiyo bati lafaa. Kilicho ghali si lazima ndicho kifaacho. Muhula huu tumeipaka bati kabla ya kufunga shule.