Mtoto Akitoka Shule, Mwulize la Moyoni

Saa kumi alasiri mtoto wa gredi ya nne anarudi nyumbani katika mtaa kama Umoja au Kayole. Mama yuko kazini, naye baba atafika saa moja usiku ikiwa barabara haina msongamano. Yaya anampa chai na mkate, anamwambia avue sare, kisha runinga inawashwa. Jioni mzazi anaingia na swali moja tu: "Umemaliza kazi ya mwalimu?" Mtoto anaitikia. Hakuna aliyejua kwamba mchana huo alizomewa na wenzake hadi akajificha chooni kulia.

Jumatatu inayofuata analalamika tumbo. Anapewa dawa ya minyoo. Jumatatu nyingine, tumbo tena. Maumivu hayo huenda si uongo hata kidogo. Mtu akiwa na hofu mwili hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio na tumbo hukaza. Dawa ya minyoo haiwezi kuondoa hofu.

Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Hapa Kenya somo la stadi za maisha liliingizwa shuleni mwaka wa 2008, lakini kwa kuwa halikutahiniwa, mara nyingi vipindi vyake vilichukuliwa na masomo mengine. Kwa hivyo sehemu kubwa ya kazi hii imebaki nyumbani.

Anza na majina ya hisia. Mtoto anayejua neno "hasira" peke yake ataita kila kitu hasira, hata kama ni wivu, aibu, upweke au wasiwasi. Mzazi atangulie yeye: "Leo nilifokewa kazini mbele ya watu, nikaona aibu sana." Mtoto akisikia mtu mzima akikiri hivyo, naye hupata ujasiri wa kusema. Usimwulize shule ilikuwaje, maana atajibu "sawa" na mazungumzo yafe hapo. Mwulize alicheza na nani wakati wa mapumziko, na nani alikaa peke yake. Akianza kueleza, nyamaza usikilize. Ule usemi kwamba mwanamume halii umewafunga midomo wavulana wengi.

Kisha mfundishe kutulia. Avute pumzi kwa pua akihesabu hadi tatu, aitoe polepole kwa mdomo akihesabu hadi tano, arudie mara kadhaa. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo. Mazoezi haya yafanywe mtoto akiwa mtulivu, si katikati ya kilio; kuogelea hakufundishwi wakati wa mafuriko.

Kazi ndogondogo nazo ni somo. Mpe shilingi mia moja akanunue sukumawiki na nyanya kwa mama mboga wa hapo langoni, arudishe chenji. Akikosea hesabu, hesabuni pamoja badala ya kumgombeza. Aoshe soksi zake, awe msichana au mvulana. Ajue pia kwamba anaweza kumkatalia mtu mzima anayetaka kumshika vibaya, na kwamba anayemwambia "usimwambie mama" ndiye hasa wa kuambiwa mama. Yaya aelezwe haya yote, kwani ndiye aliye naye saa hizo.

Asinyimwe mchezo: mtoto anahitaji angalau dakika 60 za kutoa jasho kila siku, hata kama uwanja ni ua wa ploti. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri kungojea basi la shule anapaswa kuwa amelala kufikia saa mbili usiku. Sijui ni nyumba ngapi zinazotimiza hilo.

Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, asiyetaka kula wala kucheza, au aliyebadilika tabia kwa zaidi ya wiki mbili, apelekwe hospitalini na mwalimu wake aulizwe. Akitaja kufa au kujidhuru, usingoje hata siku moja. Usimwache peke yake. Nambari 116, ya kusaidia watoto, hupigwa bila malipo usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.