Kutanuka kwa Vimiminika: Dumu la Petroli ya Akiba

Umenunua lita 20 za petroli Mbinga, asubuhi ya baridi, ukashuka nazo Mbamba Bay kwenye joto. Kila lita hutanuka kwa takribani lita 0.00095 kwa kila nyuzijoto 1. Joto likipanda nyuzi 10:

20 × 0.00095 × 10 = lita 0.19

Dumu lililojaa hadi mdomoni litavimba au kuvuja.

Kumbuka:
1. Tumia dumu la mafuta, si la maji.
2. Acha nafasi juu.
3. Kagua nyufa, kutu na kifuniko.
4. Weka kivulini, mbali na jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kwenye moto.

Jipime: Joto likipanda nyuzi 15, petroli hiyo itatanuka kwa kiasi gani?

Jibu: lita 0.285.