Matambara ya Ebed-meleki

SOMO LA JUMA. Soma: Yeremia 38:7-13, Yohana 6:12

Jumapili iliyopita mchungaji alipotufundisha habari za nabii Yeremia shimoni, wengi waliondoka na lile tope na yule mfalme mwoga. Mimi nilikwama kwenye matambara. Nilipomwambia mchungaji, akacheka, akasema basi liandikie hilo hilo.

Hebu tuisome pole pole. Yerusalemu umezingirwa na Wababeli na mkate unaisha mjini. Yeremia ametupwa katika shimo la Malkiya, halina maji ila tope, naye anazama. Ebed-meleki, Mkushi aliyetumika nyumbani mwa mfalme, anamwendea Sedekia na kupewa watu 30 wakamtoe. Watu wapo, kamba zipo. Mwenye haraka angesema haya, vuteni! Lakini yeye kwanza apita chini ya hazina, achukua nguo kuukuu na vitambaa vilivyochakaa, avishusha shimoni kwa kamba na kumwambia nabii avitie makwapani, kamba zikae juu yake. Manake alishaona mbele. Mtu aliyekonda kwa njaa, ukimvuta na kamba tupu utamchuna ngozi.

Basi ni hapo niliposimama. Lile tambara lilipata kazi kwa sababu kuna mtu aliufikiria mwili wa mwenzake.

Sisi watu wa Pwani kutumia kitu mara ya pili na ya tatu hatukufundishwa na semina. Chukua leso. Ikiwa mpya yaenda harusini na kanisani. Ikichujuka rangi, inambeba mtoto mgongoni. Ikianza kupasuka yakatwa nepi, na kipande kingine chasokotwa kikawa kata ya kichwani ya kubebea mtungi kutoka mtoni. Mwisho kabisa ni kitambaa cha kushikia sufuria moto. Nazi nayo ni hivyo hivyo: tui lishakamuliwa, chicha wapewa kuku, kifuu chawashia moto au chageuzwa upawa, makumbi yasokotwa kamba. Tairi likiisha barabarani lawa akala. Na mwaka 2018, kule Lamu, mafundi wa majahazi walishusha majini dau liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa malapa makuukuu ya ufuoni. Mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Kwa hiyo ndugu, anayeona aibu kuonekana na kiraka, namwambia hata Bwana wetu, aliyekuwa ametoka tu kulisha watu elfu tano na angeweza kuumba mikate mingine pale pale, aliwatuma wanafunzi waokote vipande. Vikajaa vikapu 12.

Lakini nina ungamo.

Mnakumbuka mvua za mwisho wa 2023, Sabaki ilipofurika na watu wa mabondeni wakahama na watoto na kuku. Kanisa likaomba nguo. Nilienda kwenye sanduku langu, nikatoa suruali moja ya kitambaa kizuri, ila zipu ilikuwa imekufa zamani. Nilijua. Nikasema moyoni, aah, si ni bure, atakayeipata atajua la kufanya. Nikaikunja vizuri, nikaitia mfukoni na nyinginezo, nikarudi nyumbani nimebarikiwa.

Miezi kadhaa baadaye nikapita kwa mama mmoja mzee, sote twamwita Hawe. Alikuwa anapanda. Mbegu za kunde alizitoa kwenye kifuko kirefu, za mahindi kwenye kingine kama hicho, na kile kitambaa nikakitambua. Alikuwa ameikata ile suruali miguu yote miwili akaishona chini. Nikamsifu kwa ufundi wake. Akanijibu bila uchungu wowote, "Mjukuu wangu, ilikuwa ya kijana. Aliivaa Jumapili moja kuja ibadani, zipu ikamfunguka mbele ya wenziwe wakamcheka. Tangu siku ile hataki kusikia habari ya kanisa. Nami nikaona nguo isipotee."

Sikumwambia ilikuwa yangu. Niliomba jembe nikamsaidia mistari miwili mitatu, halafu nikaondoka.

Wapendwa, Hawe na mimi sote tuliitumia tena suruali moja. Yeye aliitazama akauliza itafaa kazi gani. Mimi niliitoa tu ili inipishe nafasi kwenye sanduku, halafu nikaiita sadaka. Zipu mpya sokoni Malindi haifiki bei ya soda, na fundi hapa kwetu angeitia kwa muda wa chai. Ile kazi ndogo ndiyo niliyomnyima yule kijana.

Na kwa kuwa tunazungumza miili ya watu, niseme neno kuhusu mitungi, hata kama si la kiroho sana. Nimeona nyumba zinazoteka maji ya kunywa kwa madumu yaliyokuwa na dawa ya kunyunyizia mimea. Usifanye hivyo, hata ukiosha kwa sabuni mara kumi. Ile plastiki hufyonza sumu. Dumu la dawa likiisha, lisuuze mara tatu, maji yale yamwage ndani ya bomba la kunyunyizia yaishie shambani, kisha litoboe ili asije mtoto akaliokota. Usilichome. Mtungi wa mafuta ya kupikia, huo osha utumie mpaka upasuke, na ukipasuka ukate upande miche.

Jumapili hii baada ya ibada, Idara ya Akina Mama wataweka meza chini ya mwembe kupokea nguo za familia zilizo na shida. Zije zimefuliwa. Kifungo kikiwa kimetoka, njoo nacho hivyo hivyo. Nitakaa mezani na uzi, sindano na zipu za rangi tatu.

Yule kijana bado hajarudi. Nimekwenda kwao mara mbili. Mara ya kwanza alijificha nyuma ya nyumba. Mara ya pili tulikaa chini ya mkorosho nikamweleza suruali ilitoka kwa nani. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nilijua ile zipu ni mbovu. Nikamwambia ndiyo, nilijua. Alhamisi nitakwenda tena.