Umekasirika? Jua Mwenye Jukumu Kabla ya Kupiga Kura
Kijitabu cha mpiga kura wa Kenya kuelekea Agosti 2027

Hasira hii ni halali

Kijitabu hiki ni cha Mkenya aliyechoka. Ushuru umelipa, lakini ukifika zahanati unaambiwa dawa zimeisha. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na barabara iliyozinduliwa kwa mbwembwe bado ni matope. Hatukuandikii ili kukutuliza. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani bila kubeba silaha. Makumi ya Wakenya, wengi wao vijana, walipoteza maisha katika maandamano ya 2024. Asitokee mtu wa kuwaambia wenzao waliobaki kwamba walikosea kusema.

Kabla ya kuingia barabarani, vijana wa Juni 2024 walikaa wakasoma. Waliufungua Mswada wa Fedha, wakaueleza kwa lugha za mama, wakaonyesha kifungu kilichotaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16 na kile kilichotaka wenye magari walipe asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Mapendekezo hayo mawili yaliondolewa kabla mswada haujapigiwa kura ya mwisho. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliuunga mkono na 106 wakaupinga. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatatia sahihi. Umati ulikuwa na nguvu kwa sababu ulijua unapinga nini, kifungu kwa kifungu.

Maarifa hayo tunayataka yafike debeni. Mara nyingi hayafiki. Mtu huenda kituoni na hasira kwa kiongozi mmoja wa juu, akamwadhibu yeye peke yake au akamtetea yeye peke yake, kisha karatasi nyingine akazijaza kwa rangi ya chama.

Karatasi sita

Siku ya uchaguzi mkuu unapewa karatasi sita: ya Rais, Gavana, Seneta, Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti, Mbunge na Mwakilishi Wadi, yaani MCA. Wanasiasa wengi watakuomba uvae suti nzima, maana yake uchague chama kimoja kuanzia juu hadi chini. Usiivae kabla ya kujua kila kiti kina kazi gani.

Anza na lile linalokuuma, kisha uliza ni la nani. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi baina ya Serikali ya Kitaifa na kaunti. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ni jukumu la Gavana. Chekechea pia ni yake, pamoja na masoko, kilimo, maji na taka za mji. Hospitali za kitaifa za rufaa, shule za msingi na za upili, vyuo vikuu na polisi viko chini ya Serikali ya Kitaifa. Barabara ndizo hutatiza watu, kwa kuwa nyingine ni za kaunti na nyingine za mashirika ya kitaifa. Kiongozi akikwambia barabara yako si yake, mtake aseme ni ya nani, na aseme hadharani.

Kwa hiyo ukikosa dawa zahanati ukamlaani Rais, umemwacha Gavana apumue. Na ukimlaumu MCA kwa ukosefu wa walimu shule ya msingi, unamlaumu kwa kazi ambayo Katiba haikumpa.

MCA ndiye kiongozi anayedharauliwa kuliko wote, na kwa maoni yetu kosa hili linaigharimu nchi sana. Kenya ina wadi 1,450. Bajeti ya kaunti yako haiwezi kupita bila wawakilishi hao, na wao ndio wenye uwezo wa kumwita waziri wa kaunti aeleze ni kwa nini soko limejengwa nusu likaachwa. Watu wengi humchagua MCA kwa sababu huhudhuria matanga na kuchangia harambee. Huo ni utu, nao ni mzuri. Lakini muulize pia: makadirio ya bajeti yalipofika bungeni Aprili, wadi yetu uliiombea nini, na ilipata nini?

Mwakilishi wa Wanawake naye husahaulika. Wako 47, mmoja kwa kila kaunti, na wanaketi katika Bunge la Kitaifa pamoja na wabunge 290 wa maeneo bunge na wabunge 12 walioteuliwa na vyama. Kura yake kuhusu Mswada wa Fedha ina uzito uleule wa kura ya Mbunge wako. Seneta kazi yake ni kulinda kaunti: mgao wa pesa zinazokwenda mashinani hupitia kwake, na Gavana akitimuliwa na bunge la kaunti, Seneti ndiyo huamua kama aende au abaki.

Mahali pa kupata ukweli

Mgombea anayetetea kiti tayari ana rekodi, kwa hiyo usitosheke na hotuba yake. Yanayosemwa katika Bunge la Kitaifa na Seneti huandikwa katika Hansadi, na wabunge wakipiga kura kwa majina, majina hayo huwekwa humo. Majina ya wale 195 na wale 106 yapo. Tafuta la Mbunge wako, na usisahau la Mwakilishi wa Wanawake. Kama hakuwepo siku hiyo, muulize alikuwa wapi.

Kwa upande wa pesa, soma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Katiba inamtaka akague hesabu za kila kaunti na kila wizara ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, na ripoti zake hutolewa kwa umma. Ni ndefu, lakini si lazima uzisome zote. Tafuta kaunti yako, kisha uone mkaguzi ametoa maoni gani. Anaweza kusema hesabu ziko sawa, au ziko sawa isipokuwa mambo fulani. Anaweza pia kusema hazionyeshi ukweli, au kwamba stakabadhi zimekosekana kiasi cha yeye kushindwa kutoa maoni yoyote. Mawili ya mwisho ni mabaya sana. Hata hivyo, hesabu safi hazithibitishi kwamba zahanati ina dawa. Zinathibitisha tu kwamba vitabu viliandikwa vizuri. Nenda ukaione zahanati yenyewe.

Msimamizi wa Bajeti naye hutoa ripoti zinazoonyesha kaunti imetumia kiasi gani kwa mishahara na safari, na kiasi gani kwa maendeleo. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo. Linganisha kilichotengwa na kilichotumika, maana hapo ndipo ahadi nyingi hufia. Ukihitaji hati ambayo haijachapishwa, andika barua ukiitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ni haki yako chini ya Kifungu cha 35, na hulazimiki kueleza unaitakia nini.

Mgombea mgeni hana rekodi ya kiti, lakini ana historia. Aliongoza nini kabla ya hapa, chama cha akiba, shule, kanisa, msikiti? Pesa za wenzake alizitunzaje? Akiahidi kuajiri walimu huku anagombea uwakilishi wadi, ama hajui kazi anayoiomba au anadhani wewe huijui.

Mia mbili za kampeni

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamtia hatiani anayetoa hongo na mpiga kura anayeipokea. Tunajua njaa ipo, na tunajua kwamba noti hutolewa jioni, watu wakiwa wamechoka. Kumbuka tu kwamba kura ni ya siri. Hakuna anayeweza kujua uliweka alama wapi, hata akikuapisha. Asikutishe mtu.

Kususia hakumwadhibu yeyote

Wengine husema, wote ni wale wale, siendi. Tazama 2022. Waliosajiliwa walikuwa 22,120,458. Mshindi wa urais alipata kura 7,176,141, na Raila Odinga akapata 6,942,930. Tofauti yao ni kura 233,211. Waliosajiliwa wakakosa kufika kituoni walizidi milioni 7.5, idadi kubwa kuliko kura za mshindi mwenyewe. Tazama sasa wadi yako, ambako kiti huweza kuamuliwa kwa kura chache sana. Ukibaki nyumbani, mwenye wafuasi waliolipwa kufika atashinda, na atakutawala kwa miaka mitano.

Kituoni

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Ukiwa kwenye foleni wakati wa kufunga, una haki ya kupiga kura. Weka alama moja tu katika kila karatasi, kisha itumbukize katika sanduku lenye kifuniko cha rangi yake. Asiyeweza kusoma au kuona anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemwamini. Kura zikishahesabiwa, matokeo ya urais hujazwa katika Fomu 34A na nakala kubandikwa kituoni. Mwaka 2022 fomu hizo ziliwekwa pia kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, raia yeyote akaweza kulinganisha. Fanya hivyo kwa kituo chako.

Kabla ya yote

Yote tuliyoandika hayana maana kama jina lako halimo katika sajili. Nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako ukiwa na kitambulisho chako halisi cha taifa au pasipoti ambayo muda wake haujaisha. Kama umehama, omba kituo chako kibadilishwe. Kama uliwahi kujisajili, hakikisha jina na nambari vimeandikwa sawasawa. Usajili husimamishwa kabla ya uchaguzi, kwa hiyo usingoje foleni za mwisho. Katiba imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Nenda ujisajili wiki hii, na uende na jirani.