Ukifika London, ingia British Library

Ukiwa London kwa masomo, kwa kazi au umekwenda kumtembelea ndugu, liko jengo moja kubwa la matofali mekundu kwenye barabara ya Euston, hatua chache kutoka stesheni ya King's Cross. Wengi wetu hulipita tu tukiwahi treni. Hilo ndilo British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, na watu huogopa mlango wake wakidhani ni wa maprofesa peke yao. Kuingia ni bure. Huulizwi kadi wala cheti. Mlinzi anaweza kukagua mkoba wako, basi.

Uanzie wapi? Anza uani. Hapo kuna sanamu ya shaba ya Isaac Newton, mtu mkubwa kama jitu, ameinama akipima kwa bikari. Ni kazi ya Eduardo Paolozzi ya mwaka 1995. Ukishaingia ndani, inua macho utazame mnara wa kioo unaopanda ghorofa sita katikati ya jengo. Humo mna vitabu vipatavyo 65,000 alivyokusanya Mfalme George III, na si pambo: msomaji akiagiza kimoja, hutolewa akaletewa. Sehemu kubwa ya vitabu vingine huioni kabisa. Iko chini ya miguu yako, katika ghala zinazoshuka karibu mita 25 ardhini.

Kisha nenda kwenye chumba cha maonyesho ya hazina, nacho pia ni bure. Utakuta mwanga hafifu. Ni makusudi, kwa sababu mwanga hula wino na rangi. Usikimbilie kuona kila kitu. Tafuta Magna Carta, hati ya mwaka 1215 ambamo mfalme wa Uingereza alikubali kwamba naye yumo chini ya sheria. Uliza pia kuhusu Sutra ya Almasi, maandiko ya Kibuddha yaliyochapwa China mwaka 868. Ndicho kitabu cha kale zaidi kilichochapwa chenye tarehe yake ambacho bado kipo, kikiutangulia uchapaji wa Gutenberg huko Ujerumani kwa karibu miaka 600. Na kama siku hiyo imetolewa, usiondoke bila kuiona Kurani ya Sultan Baybars, iliyoandikwa Cairo kwa dhahabu kati ya 1304 na 1306. Vitu hubadilishwa ili vipumzike, kwa hiyo waulize wahudumu.

Je, ukitaka kusoma, si kutazama tu? Hapo unahitaji kadi ya msomaji, nayo hulipii. Unajiandikisha kwenye tovuti yao, halafu unakwenda mwenyewe na vitu viwili: kitambulisho, kwa mfano pasipoti, na karatasi inayoonyesha anwani ya nyumbani kwako, kama taarifa ya benki. Anayeishi Mombasa au Dar es Salaam anaonyesha anwani yake ya huko huko. Soma masharti kwenye tovuti kabla ya safari, maana taratibu nyingi zilibadilika baada ya wahalifu wa mtandao kuvamia mifumo ya maktaba mwezi Oktoba 2023.

Kosa linalowapotezea watu siku nzima ni kufika bila kuagiza. Hapa huchukui kitabu rafuni kama dukani. Unakitafuta kwenye katalogi, yaani orodha ya vitu vyote vya maktaba, unanakili namba yake ya rafu, unaagiza, kisha unasubiri. Kilichomo ghalani chini huchukua kama saa moja na ushei. Kilichohifadhiwa Boston Spa, kaskazini mwa Uingereza, huhitaji siku mbili za kazi au zaidi. Agiza ungali nyumbani. Kwenye chumba cha kusomea ingia na penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi. Koti, mkoba na chakula viache kwenye makabati ya chini. Hakuna kitabu kinachoazimwa kwenda nacho nyumbani.

Ukipata kadi, panda ghorofa ya tatu, kwenye chumba cha masomo ya Asia na Afrika. Kwa maoni yangu, hazina yetu kubwa iko huko kuliko kwenye makabati ya vioo. Huko ndiko husomwa nyaraka za Ofisi ya India, idara ya London iliyosimamia utawala wa Waingereza huko India, rafu zenye urefu wa kilomita 14. Utajiuliza India inatuhusu nini. Kwa miaka mingi mambo ya Uingereza na masultani wa Muscat na Zanzibar yalipitia serikali ya Waingereza huko Bombay, India, kwa hiyo barua na ripoti za pwani yetu zimo humo. Sehemu ya nyaraka hizo, hasa zinazohusu Ghuba, unaweza kuzisoma bure kwenye tovuti ya Qatar Digital Library.

Na asiye na nauli ya London? Afungue simu. Maktaba hii ina mpango uitwao Endangered Archives Programme, unaolipia upigaji picha wa nyaraka za kale zilizo hatarini kupotea. Andika neno Lamu kwenye tovuti ya mpango huo utaona miswada ya Msikiti wa Riyadha, ukurasa kwa ukurasa, iliyo mingi kwa Kiarabu. Kusoma ni bure. Karatasi zenyewe hazikupelekwa Ulaya: sharti la mpango ni kwamba asili hubaki katika nchi yake.

Basi kama mtaani kwenu kuna msikiti, kanisa au familia yenye sanduku la karatasi za zamani zinazoliwa na mchwa, mpango huo hupokea maombi ya fedha kila mwaka. Mwombaji huhitaji taasisi ya kusimamia fedha, kama chuo au makumbusho. Wakati mkiitafuta, liinueni sanduku kutoka sakafuni na mliweke pakavu, mbali na jua.