SOMO LETU: USHURU UKIONDOLEWA, NANI HUFAIDI?

Leo tupige hesabu ya gesi ya kupikia. Kalamu na daftari ziwe karibu.

Vitu vingi tunavyonunua dukani vina ushuru wa serikali ndani ya bei, ule unaoitwa VAT. Hapa Kenya, kwa kawaida ni shilingi 16 juu ya kila shilingi 100. Serikali ikitaka watu wakipende kitu fulani, yaweza kukisamehe ushuru. Mwaka 2016 iliisamehe gesi, ili tupunguze kuni na makaa, miti isalimike na moshi upungue jikoni.

Lakini msamaha huo haukudumu. Julai 2021 ushuru wa 16 kwa 100 ulirudi. Julai 2022 ukashushwa kuwa 8. Julai 2023 ukaondolewa tena.

Tuseme gesi ya kujaza mtungi ni shilingi 2,000 kabla ya ushuru:

Ushuru wa 16: 2,000 + 320 = 2,320
Ushuru wa 8: 2,000 + 160 = 2,160
Bila ushuru: 2,000

Shilingi 320 si mchezo. Ni unga wa siku kadhaa. Bei ikipanda ghafla, mama aliyezoea gesi hurudi kwenye kuni, na mtungi unakaa pembeni ukishika vumbi.

Je, msamaha unamfikia kila mtu? La. Kwanza, gesi yetu hutoka ng'ambo na hulipiwa kwa dola. Dola ikipanda, bei hupanda hata kama ushuru haupo. Pili, mwenye duka aweza kuacha bei ile ile, tofauti akatia mfukoni. Tatu, asiye na mtungi hapati kitu, na mwenye mitungi miwili hupata mara mbili. Tena, zile shilingi 320 hazikuingia hazina. Serikali itazitafuta kwingine, au kazi fulani ikose pesa.

Hatusemi msamaha ni mbaya. Twasema hufaa ukidumu, ukionekana kwenye bei, na asiye na mtungi akisaidiwa kuupata. Sisi tuliojua kusoma tuweke risiti zetu, tulinganishe bei.

MASWALI

1. Gesi ni shilingi 1,500 kabla ya ushuru. Ushuru ni 8 kwa 100. Utalipa ngapi?

2. Kwenu, watu hushindwa na bei ya gesi au bei ya mtungi? Jadilianeni.

(Jibu la 1: shilingi 1,620.)